Mzinga wa Gari la Bwana Ramesh

Tangu nilipostaafu simu yangu haijapumzika. Vijana wa gereji yetu ya Jang'ombe hunipigia, wakaisogeza simu kwenye injini, wakaniambia, "Mzee Mcha, hebu sikiliza hii." Mimi niko Chukwani, barazani kwangu, na kikombe cha chai ya tangawizi, nasikiliza gari nisiloliona. Juzi mmoja wao aliniuliza swali ambalo nimeulizwa kuliko jingine lolote katika maisha yangu ya kazi: gari likipiga mizinga husababishwa na nini, na je, linaharibika? Nikaanza kumjibu, simu yake ikazima. Nimeona bora nikae niandike, maana jibu lenyewe ni refu na lina watu ndani yake.

Siku yangu ya kwanza gereji sikupewa spana. Fundi Pandu, mkuu wa mafundi, mtu wa Makunduchi mwenye mikono mipana na ulimi mkali, alinichukua hadi nyuma ya lori lililokuwa linaunguruma. Akaniambia nichuchumae, niweke kiganja karibu na bomba la moshi bila ya kuligusa, kisha nifumbe macho.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Upepo wa moto."

"Upepo tu? Basi rudi kwenu ukafue nguo. Sikiliza kwa mkono, yakhe, si kwa masikio."

Nikatulia. Kidogo kidogo nikaanza kuona kwamba haukuwa upepo mmoja. Zilikuwa pumzi, ndogondogo, zinafuatana, na kila baada ya muda pumzi moja ilikosekana. Nikamwambia. Fundi Pandu akatabasamu, jambo ambalo baadaye nilikuja kujua kuwa halitokei mara nyingi. "Hapo pana silinda moja haikuwaka," akasema. "Nusu ya kazi ushaijua." Nusu iliyobaki imenichukua umri mzima, na sidhani kama nimeimaliza.

Nieleze kidogo kwa wale ambao hawajawahi kuifungua injini. Ndani ya kila silinda mna kazi nne zinazofuatana: injini inavuta hewa na mafuta, inayabana, inayawasha kwa cheche ya plagi, kisha inautoa moshi. Inayarudia hayo kwa haraka ambayo jicho haliwezi kuifuata. Kila mara moto huwashwa katika nafasi ndogo, hufanya kazi yake, ukatoka ukiwa umekwisha. Nimeota mvi katika kazi hii, na hadi leo nikipita njiani nikasikia injini nzuri inalia taratibu, husimama. Bado nastaajabu kwamba kuna watu walioweza kuufundisha moto adabu namna ile.

Sasa mzinga, ule mlio wa kishindo unaotoka nyuma ya gari na kumrusha paka juu ya ukuta, ni moto uliowaka mahali pasipo pake. Plagi ikichoka, au waya wake ukapasuka, au cheche ikachelewa, au mafuta yakawa mengi kuliko hewa, mafuta hupita silinda bila ya kuungua yote. Huingia kwenye bomba la moshi ambalo lina joto kali. Yakikutana na hewa humo, huwaka kwa pamoja, na mtaa mzima ukajua kwamba unapita. Mara nyingine mlipuko hurudi mbele, kwenye kabureta, pale hewa inapochanganywa na petroli, kwa sababu mafuta ni machache mno, au valvu haifungi sawasawa, au fundi amezipachika waya za plagi mahali pasipo pake. Huo wa mbele uogopeni zaidi, kwani uko jirani na petroli. Nimewahi kuona chujio la hewa limeshika moto huku mwenye gari anaendelea kunieleza kwamba gari lake halina tatizo lolote.

Lakini mzinga nitakaousimulia ulikuwa wa nyuma, na sikuwa gereji uliponikuta.

Mwaka niliooa nilipanga chumba Malindi, katika uchochoro ambao gari haliingii. Jirani yetu mmoja alikuwa Bwana Ramesh, Mhindu, fundi saa, mtu mpole aliyeshinda kutwa na kioo kidogo jichoni. Saa zote za mtaa wetu zilipita mikononi mwake, hata ile ya ukutani msikitini. Mkewe, Bi Kusum, alikuwa ameshafariki. Kumbukumbu kubwa aliyomwachia ilikuwa kigari chao cha buluu, kilicholala mdomoni mwa uchochoro, upande wa bandarini. Kiti cha abiria bado kilikuwa na mto alioushona Bi Kusum kwa mkono wake. Kigari hicho ndicho kilichowapeleka hospitali wajawazito wa mtaa ule, na mke wangu naye alijua kwamba uchungu ukianza hakuna haja ya kugonga mlango mwingine.

Bwana Ramesh hakuwa akifunga Ramadhani, lakini ilikuwa yake kama yetu. Kila jioni alirudi na mfuko wa jalebi, vile vitamu vya Kihindi, akagawa, akakaa nasi barazani tukifuturu. Miaka ile mzinga wa baruti wa kutangaza futari ulikuwa bado ukipigwa wakati wa magharibi, na watu wazima waliuamini kuliko saa. Jioni moja kulikuwa na wingu zito, na umeme ulikuwa umekatika, vipaza sauti vya misikiti vyote kimya. Tulikaa barazani na sahani mbele yetu. Bi Zuwena, mshonaji kofia, mkubwa wa mtaa kwa umri na kwa sauti, alikuwa ameshaishika tende yake.

Paa!

"Mzinga ushalia!" akapiga kelele Bi Zuwena mpaka uchochoro wa pili ukasikia. "Bismillahi, futuruni!"

Tukafuturu. Nikala tende, nikanywa maji, nikauvuta mhogo wa nazi. Nilikuwa fundi wa injini, mkono wangu ushasikiliza malori na mabasi, na sikushuku kitu. Njaa ya jioni haina ufundi. Ndipo akatokea Bwana Ramesh na mfuko wake wa jalebi, akatukuta midomo imejaa. Akaitazama saa yake ya mkononi.

"Mbona mapema leo?" akauliza.

Hatukuwahi kumjibu, maana mzinga wa kweli ulilia wakati ule ule, mzito, ukatikisa vikombe. Sijapata kuona watu wengi hivyo wakiacha kutafuna kwa pamoja. Bi Zuwena alibaki na gilasi mkononi.

"Sasa ule wa mwanzo ulikuwa nini?" akasema.

Bwana Ramesh alifahamu kabla yetu. "Ilikuwa gari yangu," akajibu kwa sauti ndogo. "Ilipiga nilipokuwa naegesha."

Hakuna aliyemgombeza. Imamu alipoulizwa alisema hakuna dhambi kwa aliyekosea bila ya kujua, ila siku ile lazima ilipwe baada ya Ramadhani. Kwetu yalikwisha hapo. Lakini mji wetu hauwezi kulikalia jambo kama hilo. Kesho yake sokoni watu walikuwa wanatuuliza leo tunafuturu kwa gari la nani, na wengine wakasema kwa mdomo mpana kwamba Malindi wamefuturishwa na Mhindu. Maneno yakamfikia. Bwana Ramesh akaacha kuja barazani. Jioni tulikuta jalebi zimewekwa juu ya baraza kwenye sahani, zimefunikwa, na mlango wake umefungwa.

Fundi Pandu alipoisikia habari ile alicheka mpaka akakaa chini. "Fundi mzima wewe, unafuturu kwa ekzosi!" Akamsimulia kila mteja aliyeingia, na mimi nipo, nimeshika spana, sina pa kujificha. Akaacha kucheka siku Bwana Ramesh alipoleta gari.

Aliliingiza taratibu, akazima. Kisha akashuka, akamwamkia Fundi Pandu, akasema, "Fundi, hapa gereji ipige itakavyo. Lakini ikipiga tena mtaani kwetu hata mara moja, mimi naitoa ikakatwe chuma. Sitaki kuwaharibia watu ibada yao."

"Bwana Ramesh, hii si gari ya marehemu?" akauliza Fundi Pandu.

"Ndiyo maana nimeileta kwako, sijaipeleka kwa wakata chuma."

Nikakabidhiwa mimi. Nilibadilisha plagi zote, nikakagua waya, nikasafisha pointi zinazoamsha cheche, nikaweka upya taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka. Gari lilikaa pale linanguruma kwa upole kama halijawahi kumkosea mtu. Nikalikanyagia mafuta, nikaliachia, nikalizungusha uani: kimya. Gari bovu likifika gereji mara nyingi hujifanya zima. Hilo mtalikuta hata kwa haya yenye kompyuta. Kilichonisumbua usingizi ni kwamba nisipoyaona maradhi sitajua kama nimeyaponya, na Bwana Ramesh alitaka neno langu.

Nilimwendea nikamwuliza hasa hupiga wapi. Akafikiri. "Huwa inapiga nikifika nyumbani," akasema. "Sijawahi kuisikia ikipiga nikiwa naondoka. Ni kama inabisha hodi."

Nikampelekea Fundi Pandu maneno hayo. Akaacha alichokuwa anakifanya, akachukua tambara na kipande chake cha mpira wa maji, akaingia garini. Kipande kile cha mpira kilikuwa chombo chake kipenzi: upande mmoja anauweka sikioni, wa pili anaupitisha kwenye injini, akasikia kitu ambacho wewe hukisikii. Alikaa kiti cha abiria, akaupakata ule mto wa Bi Kusum magotini kwa heshima, akafumba macho. Akaniambia niendeshe mpaka gari lipate moto sawasawa. Tukaenda njia ya kusini, mbali, kimya. Tuliporudi karibu na gereji akaniambia, "Toa mguu. Wote."

Nikatoa mguu kwenye mafuta. Gari likaanza kupungua kasi lenyewe. Paa!

"Alhamdulillahi," akasema Fundi Pandu, bila ya kufumbua macho.

Tulipofika gereji hakuniruhusu kuizima injini. Aliliziba bomba la moshi nyuma kwa lile tambara, si kwa kulikaza, kiasi cha kuubana moshi tu, akalala chini ya gari na mpira wake sikioni. Akaupitisha polepole kutoka nyuma kwenda mbele. Karibu na injini, penye maungio ya bomba, mkono wake ukasimama. Akaniita nilale, akaniwekea mpira sikioni. Nikasikia kitu chembamba, msss, msss, msss, kama mtu anayenong'ona. Kulikuwa na tundu dogo mno, limeliwa na kutu ya chumvi, maana gari lililala bandarini miaka nenda miaka rudi. Kisha akafungua kabureta, akatoa boya la shaba linalopima kiwango cha petroli, akalitikisa karibu na sikio langu. Lilikuwa na petroli ndani yake. Boya limeingia mafuta, likawa zito, likashindwa kuelea, na kabureta ikawa inamwaga mafuta kupita kiasi.

Nililala pale chini nikalitazama tundu lile. Petroli iliyozidi ilikuwa ikipita bila ya kuungua. Kila Bwana Ramesh alipotoa mguu ili aegeshe, bomba likavuta hewa kupitia tundu lile, petroli ikaikuta hewa, moto ukawaka. Tundu dogo namna ile lilikuwa limefuturisha mtaa mzima kabla ya wakati. Nilishikwa na kitu baina ya hofu na furaha, na sikuona haya kumwambia Fundi Pandu. "Mimi pia," akanijibu. "Siku utakapoacha kushangaa, funga kazi uuze matango."

Tukaziba, tukaweka boya jingine, tukalijaribu njia ile ile mara nyingi mpaka nikampa Bwana Ramesh neno langu. Gari likarudi Malindi kimya. Sikukuu ikaja ikapita, halikupiga. Lakini mlango wa Bwana Ramesh uliendelea kufungwa magharibi, na hilo halikuwa na spana yake.

Aliyeufungua ni Bi Zuwena. Mtaa ulikubaliana kuilipa siku ile kwa pamoja, siku moja ndani ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Jioni ya kuamkia siku yenyewe akanichukua mimi, akaenda kugonga.

"Bwana Ramesh, kesho mtaa unailipa ile siku," akamwambia.

"Nnajua, Bi Zuwena. Nisameheni."

"Sikuja kwa hayo, mwanangu. Mwenye mdomo uliowaambia watu wafuturu ni mimi, si gari yako. Nimekuja kukwambia uje barazani magharibi. Mahali pako papo wazi na mimi sipendi kupatazama."

Bwana Ramesh alimtazama, kioo bado kiko jichoni, amesahau kukitoa. "Ntakuja," akasema mwishowe. "Lakini kesho na mimi nafunga. Kwetu tunafunga, ila maji tunakunywa. Kesho sinywi."

"Kiu itakutesa."

"Iliwatesa nyinyi," akasema.

Kesho yake nilipita dukani kwake mchana. Midomo ilikuwa imemkauka, na zile skrubu zake ndogo kuliko chembe ya mchanga alikuwa amezisogeza kando. Aliniinulia kichwa tu. Alasiri Fundi Pandu akaja kutoka Jang'ombe, kaalikwa. Sahani zikapangwa barazani. Umeme ulikuwapo, mbingu safi, na Bwana Ramesh akakaa mahali pake na saa yake mkononi. Ndipo Bi Zuwena akatangaza kwamba ana shida moja.

"Ramadhani ishapita, mzinga haupigwi tena. Na mimi siku hii niliifungulia kwa mzinga, nataka niilipe kwa mzinga." Akamtazama Bwana Ramesh. "Si tunao hapo nje?"

Watu wakacheka. Bwana Ramesh hakucheka. Alimgeukia Fundi Pandu, akamwuliza swali lile lile mnaloniuliza nyinyi. "Fundi, itadhurika?"

Fundi Pandu aliweza kutania kila kitu isipokuwa injini. "Mlio mmoja wa nyuma hauiui gari, Bwana Ramesh," akasema. "Kubaya ni kuuacha. Ukiuacha upige kila siku, moto unakula valvu, unapasua sailensa, lile kopo la kumeza mlio, unachoma kila kilichokuwa njiani mwake. Leo nakwambia kweli, sailensa yako ni kuukuu, inaweza ikachanika."

"Sailensa inabadilishwa," akasema Bwana Ramesh. "Ipigeni."

Nyinyi wa leo ongezeni hapo kile kichujio kilicho ndani ya bomba la moshi la magari mapya. Petroli mbichi ikikifikia, kinaungua chenyewe kwa ndani, na taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima kwenye dashibodi msiendelee kuendesha eti mpaka Ijumaa. Mambo ya sensa za injini, hivyo vihisio vyenu, mnayajua kuliko mimi. Lakini tambara na mpira wa maji msivitupe.

Msikitini wakaadhini. Bwana Ramesh akaitazama saa yake, akaitazama tena, kisha akanipungia mkono. Nilikuwa garini, injini imeshapata moto. Nikakanyaga mafuta, nikazima swichi mguu ukiwa bado chini. Injini ikaendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki, inanyonya petroli bila ya cheche na kuisukuma yote kwenye bomba. Nikawasha swichi. Kishindo kilichotoka sijakisikia tena katika kazi yangu yote. Njiwa waliondoka mapaa yote ya bandarini, na sailensa ikachanika kwa urefu kama alivyosema Fundi Pandu.

Nilirudi uchochoroni mbio nikidhani nitakuta wameshamaliza uji. Hakuna aliyekuwa amekula. Wote walikuwa wameshika tende mikononi, wanamtazama Bwana Ramesh. Bi Zuwena alikuwa amemnyooshea sahani.

"Anza wewe," akamwambia. "Mzinga wako."

Akachukua tende moja. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Nimefungua injini nyingi, nimeona moto ukifanya mambo ambayo nikiyaeleza mtaniita mwongo, na hakuna kilichonitia mshangao moyoni kama mtu yule mwenye midomo mikavu aliyeingoja tende isiyokuwa ya dini yake. Alipokula, tukala.

Sailensa mpya niliifunga asubuhi yake. Ramadhani iliyofuata mzinga wa kweli ulilia saa yake, mbingu safi, na kila msikiti ukaadhini. Bi Zuwena hakugusa tende. Alimgeukia Bwana Ramesh, na baraza nzima ikageuka naye. Bwana Ramesh akaitazama saa yake, akainua kichwa, akasema, "Naam. Huu ndio." Hapo ndipo tulipofuturu, na tulifuturu hivyo kila mwaka mpaka alipofariki.